Leseni ya Gunia

Mke wa Gunia alikuwa ameinama akipuliza mkaa, na kifuani mwake bingwa alikuwa akicheka. Fulana zile zenye picha yake ziligawiwa bure siku bingwa aliporudi na mkanda, na yeye akaifanya yake ya kulalia. Basi Gunia alilala usiku na uso wa mtu aliyempiga mchana.

"Nguo hiyo huichoki?" aliuliza, akikoroga chai isiyo na cha kukorogwa. Sukari ilikuwa imepanda bei tena, nao wakaiacha iende zake.

"Ya kwako iko wapi, baba watoto, niivae?"

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha mume kilikwama njiani kama mwiba wa samaki.

Gunia lilikuwa jina la ukumbini, kwenye mazoezi ya ngumi. Kazi yake ilikuwa kujifanya mpinzani ili bingwa apate wa kumzoea. Bingwa akipangiwa mtu wa mkono wa kushoto, Gunia alisimama kishoto. Akipangiwa mrefu wa kurusha ngumi za mbali, Gunia naye alirefuka, Mungu anajua alivyofanya. Ulingoni mule alikuwa amekuwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na kila aliyekuwa, alipigwa.

Bingwa huyo ndiye aliyemzaba kofi mwamuzi mbele ya umati, akafungiwa, akafunguliwa kimyakimya, kisha akatwaa mkanda kwa pointi ambazo hata mashabiki wake walizipokea wakijikuna vichwa. Sokoni watu waligombana juu yake: huyu amwita shujaa, yule amwita mwizi. Juu ya Gunia hakuna aliyewahi kugombana. Hilo ndilo lililomla moyo. Hata matusi ya mwenzake aliyaonea wivu.

Lakini Jumamosi, kabla ya pambano kubwa la bingwa, palikuwa na pigano dogo la kufungulia ulingo, na Gunia alikuwa amepewa nafasi. Lake mwenyewe, la kwanza maishani. Kilichobaki kilikuwa leseni tu. Akapiga pasi shati, akaenda ofisi ya chama cha ngumi.

Karani alikuwa akimenya chungwa chini ya picha ya bingwa. "Leseni haitoki, kaka," alisema. "Daktari kasema kichwa chako kimepigwa sana."

"Kimepigwa wapi?"

"Hilo utalijua wewe."

"Kimepigwa mazoezini, na mnajua ni nani anayenipiga."

"Mazoezi si pambano, chama hakiyatambui. Kwetu sisi hujawahi kupigana."

"Kama sijawahi kupigana, kichwa kimepigwaje?"

Karani akatema kokwa kiganjani, akalitazama. "Usinichoshe, kaka. Kuna watu wanangoja."

Hapakuwa na mtu anayengoja. Gunia akatazama ile picha juu ya chungwa. Huyu, baada ya lile kofi, leseni yake ilipelekwa nyumbani kwa gari la chama.

"Na mazoezini leo, niende?"

"Nenda, ndugu yangu. Mazoezi hayataki leseni."

Alipofika ukumbini kocha alikuwa amekwisha kumwandalia glavu. "Leo wewe ndiye yule wa Jumamosi," akamwambia. "Mkono wa kulia mzito, na anapiga huku akirudi nyuma. Usimkazie sana, bingwa hakulala vizuri."

Bingwa akaingia akinukia. "Vipi, gunia langu? Umeshiba?"

"Nimekushiba wewe, bingwa."

Vijana wakaangua kicheko, na bingwa akacheka zaidi ya wote, maana hakuwa mtu wa kununa kwa mzaha.

Raundi ya kwanza Gunia alikuwa yule wa Jumamosi. Alirudi nyuma, akapigwa. Raundi ya pili, katikati ya kupigwa, mguu wake wa kushoto ukajivuta wenyewe ukaenda ulikozoea zamani, kabla hajaajiriwa kuwa watu wengine. Mabega yakaufuata. Bingwa akasita. Alikuwa amefundishwa kuwajua wote, ila huyu hakuwahi kuonana naye. Ngumi ilipita chini ya kiwiko chake, ikapanda, ikamkuta kidevuni.

Bingwa akakaa. Miguu mbele, mikono mapajani, kama mtoto anayengoja kuvishwa viatu.



"Ameteleza," kocha akasema. "Nani kamwaga maji hapa?"

"Hata mimi nimeyaona," kijana mmoja akaitikia.

"Maji ni hatari," akasema mwingine.

Wakamwinua. Bingwa akamtazama Gunia, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakiomba. "Nimeteleza," akasema kwa sauti ndogo.

Gunia akavua glavu, akainama, akapitisha kiganja juu ya turubai la ulingo. Dari la ukumbi ule lilidondosha chokaa kila siku, na kiganja kikarudi cheupe, kikavu kama unga. Akakiinua. Hakuna aliyekitazama, wote walikuwa wamezunguka viatu vya bingwa, wakikagua soli.

Kocha akamrushia tambara. "Futa hapo, asije akaanguka tena. Na kesho uwahi."

Gunia alitazama pale palipotakiwa kufutwa. Katika chokaa makalio ya bingwa yalikuwa yamechora maduara mawili, yamekaa sawasawa kama ya vikombe mezani. Akapiga magoti. Akafuta pembe ya kwanza, ya pili, akafuta zote nne, akafuta kandokando ya kamba kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kurudi nyumbani. Pale katikati, penye maduara, akapazunguka.