Matundu Chini ya Bati

Mvua ya Oktoba 1955 ilikuwa ikiumwagikia mtaa wote wa Kabondo, mtu asiyejulikana alipojibanza mlangoni kwa Aziza, gunia begani, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Odi, mama. Usiniogope. Mimi iko mugonjwa, si mwizi."

"Mwizi gani anakuja na muzigo wake?" Aziza akacheka. "Ingia, papa."

Aliitwa Lukumani, mkulima wa Yahuma. Ngiri ilimtesa, na kesho yake alitakiwa hospitalini kupasuliwa. Ndani ya gunia mlikuwa na mbegu ya mpunga ya msimu ujao.

"Ndugu yangu kule Yahuma, tumbo lake linashinda shamba lake. Ningeiacha kule, ningekuta ameipika." Akaziangalia kuta nyeupe na bati jipya. "Hapa kwako pakavu. Unichungie siku kumi tu, mama. Mbegu ingine sina."

"Utaikuta kavu, papa."

Neno likishatoka halirudi. Aziza alibaki ameshika gunia, maana siri ya nyumba ile aliijua mwenyewe. Alikuwa mjane, fundi wa kushona kwa mkono, na Jumamosi wangepita wakaguzi wa mashindano ya nyumba safi. Zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani. Ili ukuta wake uwe laini kama yai, alikuwa ameziba kwa saruji matundu yote ya hewa chini ya bati, na mafiga akayahamishia nje, moshi usiguse chokaa. Tangu hapo kuta zilitoa jasho. Kuvu nyeusi iliota nyuma ya kabati. Aliifuta, akapaka chokaa juu yake, ikarudi.

Jumatano alitia mkono guniani. Mpunga ulikuwa vuguvugu, unanuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Akamwita Camille, jirani yake mwashi.

Camille alinusa, akainua macho darini. "Dada Aziza, nyumba inapumua sawa mutu. Weye umeiziba pua, kisha unashangaa inatoka jasho?"

"Nitazibua Jumapili."

"Jumapili hata kuku watakataa hii mpunga."

"Basi nikuletee kwako."

"Kwangu? Nyasi inavuja, na panya wananipigia jambo kila asubuhi: jambo, papa Camille! Hapana, dada. Utoboe leo, na uwashe moto humu ndani."

Aziza aliutazama ukuta wake. Cherehani ile alikwisha kuiona. Alikuwa ameligusa gurudumu lake kwa kidole kilichojaa alama za sindano. Mpunga ukioza, mzee hatamlaumu. Atasema ni mvua. Na hilo ndilo lililomchoma: kwamba mzee atailaumu mvua.

"Leta patasi," akasema.

Camille akagonga. Saruji ikaanguka vipande vipande, na chokaa ikapasuka mpaka karibu na dirisha. Aziza akarudisha mafiga ndani, akatandika mkeka kwenye uchanja mrefu juu ya moto, akautandaza mpunga. Aliugeuza kwa kiganja. Mkono uliposhindwa na joto, akavuta kuni nyuma, kwa kuwa joto linalouma mkono huua mbegu. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulipanda ukitafuta matundu, ukichora michirizi myeusi ukutani. Siku ya Ijumaa alipapasa nyuma ya kabati, na kiganja chake kikatoka kikavu.

Jumamosi madamu wa ukaguzi alisimama kizingitini. Aliyatazama matundu yaliyomeguka, akayatazama masizi, akaandika kitu.

"Pole, mama. Labda mwaka kesho."

Akaenda nyumba ya pili. Aziza alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitambaa alichokuwa akikishona, akaendelea kushona.

Siku ya kumi Lukumani alirudi, akitembea polepole, mkono tumboni. Hakukaa kwanza. Alichukua punje moja guniani, akaiuma. Ka! Akauma ya pili. Ka!

"Kavu," akasema, na uso wake ukafunguka. Kisha akainua macho. "Lakini mama, nyumba yako ilikuwa nyeupe. Imepatwa na nini?"

"Moshi tu, papa."

Aziza akatunga uzi, akaanza kuushona mdomo wa gunia, mishono midogo midogo, hata punje moja isidondoke njiani.