Tai Kubwa ya Ofisini

Shemeji yake fundi cherehani hakuwa mtu wa kubisha hodi. Aliingia, akasimama katikati ya vitambaa kama aliyekuja kununua nyumba. Tangu apewe ukuu wa ofisi ya maji, hata kukohoa kwake kulibadilika. Alikohoa polepole ili watu wanyamaze. Fundi hakuinua macho. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na kati ya tundu la sindano na shemeji, alijua kipi kina maana zaidi.

"Shemeji, Waziri anakuja Alhamisi," alisema yule mkuu. "Ukuta wa nyuma ya kiti changu uko mtupu. Nataka tai."

"Tai gani?"

"Tai kubwa, ya taifa. Nyekundu na nyeusi, yenye hadhi. Ining'inie kutoka juu mpaka karibu na sakafu. Mtu akiingia aione kabla hajaniona mimi."

"Itakuwa afadhali."

Shemeji hakusikia, au alijifanya. Fundi alikuwa amemwelewa vizuri sana. Ndege yule alikuwa kwenye noti, kwenye kofia za polisi na kwenye bahasha za serikali, kifua mbele, kucha wazi. Lakini walisoma darasa moja, huyu bwana na yeye, dawati moja hata, na alimjua tangu anamwibia hesabu na kuzinakili vibaya.

"Na binti yangu je?" aliuliza. Binti alikuwa mwaka wa tatu anapokea wageni ofisini kwa huyo baba yake mdogo, kibarua tu, anasubiri saini moja ya kuthibitishwa kazini. Mwisho wa mwezi nafasi ilikuwa inafungwa.

"Nikipendezwa na kazi nitasaini. Ila kwanza nipe ile hadithi ya bibi yako, ya tai. Naitia kwenye hotuba."

Fundi akaweka sindano chini. "Zamani nyika iliwaka moto. Ndege wote wakawa wanabeba maji midomoni. Tai peke yake akapanda juu, akazunguka, mabawa ameyatandaza. Waliokuwa chini wakasema, mwoneni, anatulinda. Wakamfanya mkuu."

"Hapohapo. Inatosha."

"Haijaisha."

"Kwa hotuba imeisha," alisema shemeji, akatoka. Mlango aliuacha wazi, vumbi likaingia kwenye satini nyeupe.

Sehemu iliyobaki ilikuwa fupi. Tai alikuwa anangoja walioungua, asije akahangaika kuwinda. Wa kwanza kuliwa alikuwa yule aliyepiga kelele kuliko wote kwamba wanalindwa. Bibi akifika hapo alikuwa anatema mate pembeni, halafu anaendelea kuchambua mboga.

Fundi alianza kwa nia njema. Alichora ndege kwa chaki, mdomo, shingo, bawa la kushoto. Alipofika kwenye jicho, jicho likatoka la shemeji, lilelile la kuchungulia daftari la mwenzake. Akalifuta kwa kiganja, akachora tena, likarudi vilevile. Basi akakaa akayarudia maneno aliyoambiwa. Kubwa. Nyekundu. Yenye hadhi. Angetaka ndege si angesema mkubwa, mwekundu, mwenye hadhi? Akatandika satini nyekundu na nyeusi mezani, akashika mkasi. Bitana aliiweka nzito ili isijikunje.

Alhamisi alifika ofisini na furushi amelikumbatia. Binti yake alikuwa mezani, kucha zote amezitafuna.

"Mama, umemaliza?"

"Nimemaliza. Lete ile karatasi yako."

Ndani, shemeji alikuwa juu ya kiti anapigilia msumari. "Fungua haraka, gari la Waziri limeshaingia getini."

"Saini kwanza, shemeji. Mikono yangu ina jasho, nitaichafua kazi."

Akasaini akiwa amesimama, macho yakiwa dirishani, muhuri akaupiga nusu nje ya karatasi. Binti akaichukua, akaikunja, akaitia mkobani. Fundi akafungua furushi.

Ilikuwa tai ya shingoni, urefu wa watu wawili, fundo lake kubwa kama mto wa kulalia.

"Nilisema tai," alinong'ona shemeji.

"Ndiyo hiyo. Au haina hadhi?"

Viatu vya wageni vilikuwa mlangoni tayari. Shemeji aliitundika, maana ukuta mtupu wenye msumari ungekuwa aibu zaidi. Waziri akaitazama kwa muda, kichwa upande, wasaidizi wake wakaweka vichwa upande.

"Tai nzuri sana," alisema. "Inatukumbusha tulikotoka."

Shemeji akajikohoza polepole, akaanza hadithi. Alipofika pa kulindwa, akaunyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, na chumba kizima kikaipigia makofi ile nguo.

Fundi alikuwa ameshatoka. Koridoni binti yake aliegemea ukuta, mkoba ameukumbatia kifuani, anacheka bila sauti mpaka machozi.

"Mama, angekataa kusaini je?"

"Ningemfunga nayo."

Akamshika mkono. Mlango waliuacha wazi.