Kibuyu Kilichobaki Ukutani

Omariba, mhariri wangu wa Nairobi, ana maneno machache na yote yanauma. "Madam, kurasa tatu nzima watu bado wanasalimiana! Sikuweza kuendelea. Leta mwanzo mwingine kufikia Ijumaa, ama hii riwaya tuiache."

Nilikasirika hadi chai ikanishinda kunywa. Riwaya hiyo niliiandika nikiamka kabla ya kukama, na sikuwa tayari kuizika kwa ajili ya salamu. Hata hivyo alikuwa amesema kweli. Huku kwetu Kapkatet mgeni hamwagi shida yake mlangoni. Anauliza watoto, anauliza ng'ombe, anauliza mvua na bonasi ya majani chai, anakunywa kikombe cha kwanza na cha pili, ndipo anakohoa aseme lililomleta. Nami nilikuwa nimemkaribisha msomaji vivyo hivyo, kana kwamba amekuja kushinda kwangu. Msomaji amesimama dukani, kitabu mkononi, na akichoka anakirudisha rafuni bila hata kuaga.

Omariba alinipa dawa yake: maiti katikati ya majani chai. Nilicheka peke yangu. Riwaya yangu haina maiti. Ina mama mmoja, Esnah, na binti yake anayeposwa. Ningeanza na maiti, mbele ya safari msomaji angenidai muuaji, nami sina wa kumpa.

Basi nikafungua kompyuta, nikafuta salamu zote bila huruma, nikatafuta mahali ambapo mimi mwenyewe moyo hunidunda kila nikisoma. Palikuwa katikati ya kitabu, pamejificha. Nikapang'oa na kupaleta mbele.

Siku ya Alhamisi Jentrix, jirani yangu anayefanya kazi kiwandani, akaja kuazima sufuria. Nikamsomea akiwa wima mlangoni:

"Wazee waliokuja kumposa Chemutai walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Esnah alipita mbele yao na kuni, akapita tena na maji. Kibuyu cha mursik kilijaa maziwa yaliyoiva vizuri. Hakukishusha ukutani."

Jentrix ametoka upande wa ziwa, na mambo ya mursik, maziwa ya kumheshimu mgeni, ameyakuta huku. Niliogopa kidogo kwamba hataona kitu.

"Ai! Mama Kipkurui, huyu Esnah wako hata maziwa hajawapea? Kwani hao wazee wamefanya nini?" Akavuta kiti, akaketi.

Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikampigia Omariba papo hapo.

"Kuna damu?" akauliza.

"Hakuna. Sikiza kwanza."

Nikamsomea polepole, nikafika kwenye kibuyu cha ukutani, nikakomea hapo. Nilisikia honi za Nairobi zikilia nje ya dirisha lake.

"Halafu?" akasema.

"Halafu nini?"

"Huyo mama. Mbona anawanyima?"

"Chapisha, utajua."

Alicheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Umeniweza, Madam. Tuma kitabu chote. Usingoje kesho."

Ningetuma dakika hiyo hiyo, ila Jentrix alikuwa ameshaivuta kompyuta magotini mwake, yuko ukurasa wa tano, na nilipomgusa bega akanisukuma mkono.