Stuli Zinazopanda Ngazi za Jofe

Saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, Rudayna aliingia katika duka la viatu upande wa magharibi wa Amman, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Muuzaji alimsalimu baada ya sekunde tisa. Zilizoruhusiwa ni kumi. Alikuwa na beji kifuani, kucha safi, na tabasamu lililoonyesha meno ya juu kama fomu ilivyotaka. Lakini alipomsalimu alikuwa ameketi kwenye stuli ya plastiki nyuma ya kaunta, anatia kamba kiatu cha mtoto. Rudayna alinunua soksi jozi moja, akaomba risiti, akatoka. Akiwa kituo cha teksi alifungua simu na kujibu maswali ishirini na mawili. Swali la kumi na nne liliuliza: Je, mhudumu alikuwa amesimama muda wote? Akabonyeza Hapana.

Alipofika nyumbani Jofe, mtaa wa mlimani, ile stuli ya dukani ilikuwa mlangoni. Ilikuwa imepanda peke yake ngazi mia moja na kumi na nne za mtaa, na miguu yake ilijaa vumbi.

"Mgeni wako huyo," mama yake alisema kutoka ndani. "Amefika kitambo. Nimemkaribisha, hataki kuingia mpaka uje."

Rudayna aliiingiza jikoni, akaiweka kando ya mtungi wa gesi. Ilikuwa bado na joto la mtu.

Kazi yake ilikuwa mteja wa siri. Wenye maduka waliilipa ofisi, ofisi ikamlipa yeye, aingie dukani kama mnunuzi yeyote, awatazame wahudumu, kisha aandike aliyoyaona. Ziara moja ililipa dinari mbili na hizo soksi. Picha ya risiti ikitoka na ukungu, hailipwi. Ukikosea dakika uliyoingia, hailipwi. Ukitambuliwa, hulipwi na jina lako linafutwa.

Dinari mbili hazikumfikisha popote. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rafi kwa jina la mwanawe aliyeko Kuwait, alisimama miaka kumi na tisa akiuza mashuka mjini. Mwenye duka alikataza viti. Alisema mteja akimkuta muuzaji amekaa, hudhani na shuka limechoka. Sasa magoti ya Mama Rafi yalikuwa yamevimba kama maandazi, na daktari alisema katikati yake hamna kitu tena, mfupa unasaga mfupa. Tangu Ramadhani iliyopita hakuwa ameshuka ngazi. Hospitali ilikubali kumpasua siku yoyote amana ikikamilika.

Ndiyo maana Rudayna alimpigia Luai, kijana wa ofisini aliyegawa kazi, akamuuliza wanaolipwa vizuri wanalipwa kwa lipi.

"Dada, wewe unaokota makombo," Luai alisema. "Soksi, kahawa, chaja za simu. Hizo ni za wanafunzi. Subiri tarehe ishirini na nane. Kazi zilizokataliwa hupanda bei, maana ripoti lazima zifike kabla mwezi haujaisha. Halafu chukua za msimamo."

"Za msimamo ndiyo zipi?"

"Swali la kumi na nne tu. Unaingia, unaangalia kama wamekaa, unatoka. Hununui hata kibiriti. Dinari kumi na tano."

"Mbona watu wanazikataa?"

"Wanasema nyumba zao ndogo."

Mwezi ule alichukua kumi na moja, na uliofuata kumi na mbili. Viti vilifika kati ya alasiri na magharibi, kimoja kimoja, vikipanda ngazi bila haraka. Kulikuwa na stuli za plastiki, kreti la soda lililotandikwa boksi, ndoo ya rangi iliyogeuzwa, na kiti cha kukunja kilichofungwa mguu kwa waya. Cha mlinzi wa benki kilikuwa cha magurudumu, kikakwama ngazi ya arobaini. Baba Shukri, jirani wa chini anayekodisha viti vya arusi na matanga, alikibeba mgongoni akihema.

"Alikukalia nani wewe, waziri?" alikiuliza kiti. Kisha akamgeukia Rudayna. "Binti, umeamua kuniharibia biashara?"

"Si vya kukodisha, ami."

"Basi viambie vipite kulia. Vinaniangushia makopo ya maua."

Viti vyote vilikaa na joto, wiki baada ya wiki, na Mama Rafi alivipenda kwa ajili ya magoti. Kila asubuhi alihamia kingine. Siku moja alikaa kwenye stuli fupi iliyovishwa foronya ya maua, akashika tumbo.

"Huyu ana mimba," alisema. "Miezi sita. Amevua viatu, havimwingii."

"Mama, usiniambie."

"Nimeshakuambia. Wa wapi?"

"Duka la vipodozi."

"Na ukaandika."

"Niliulizwa kama amesimama."

"Basi leo amesimama," Mama Rafi alisema, akaomba chai.

Mwisho wa mwezi wa tatu wa kazi hizo, Luai alitangaza kazi ya dinari sitini. Ilitaka mteja mzee mwenye shida ya kutembea, afuatane na mtu mwenye kamera ndogo kwenye kifungo cha shati. Mzee asiombe kiti. Sitini ndizo zilizokuwa zimebaki kukamilisha amana, sitini kamili. Rudayna alimweleza mama yake yote bila kuficha neno. Mama Rafi alivaa gauni lake la kutokea.

Kushuka kulichukua nusu saa, Baba Shukri mbele, Rudayna nyuma.

Duka lilikuwa la manukato, ndani ya jengo la maduka lenye sakafu ya kung'aa. Mhudumu alikuwa msichana, beji ikimtaja Wijdan. Alisalimu baada ya sekunde nne. Mama Rafi aliegemea kaunta, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Wijdan alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama, akavuta stuli nyekundu kutoka chini ya droo.

"Kaa, mama. Kaa kabla hujaanguka."

"Mwanangu, si mmekatazwa?"

"Tumekatazwa sisi. Wewe mgeni. Mgeni asimame mimi namtazama? Mama yangu angenikana mchana kweupe."

Mama Rafi alikaa.

"Na nyinyi mnakaa saa ngapi?"

"Tuko wanne na stuli ni moja. Dakika tano kila mtu, msimamizi akitoka kuvuta sigara. Kila siku namwomba Mungu amzidishie hamu."

Mama Rafi alicheka mpaka mtandio wake wa kichwani ukalegea. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu stuli ilikuwa imeshamwambia mengine, kuhusu miguu ya msichana. Wijdan alimpaka marashi ya waridi kwenye vifundo vya mikono, hakumlipisha. Muda wote alikuwa amesimama.

Usiku haujaingia, Rudayna alikaa na simu mbele ya swali la kumi na nne. Safari hii lilikuwa na mkia: Je, kulikuwa na kiti chochote eneo la wahudumu? Alivipita visanduku vyote viwili, akashuka mpaka sehemu ya maoni. Aliandika kwamba mhudumu alisimama muda wote, kwamba aliyekaa ni mteja, mgonjwa, na kwamba alipewa kiti kwa ukarimu ambao duka lingepaswa kuuonea fahari. Akatuma.

Luai alipiga baada ya dakika kumi.

"Dada, umeniandikia insha."

"Nimeandika ukweli."

"Ukweli mzuri, ila hauna kisanduku. Kiti kilikuwepo au hakikuwepo?"

"Kilikuwepo kwa ajili ya..."

"Kilikuwepo. Basi nimekurekebishia. Video yako safi sana, mama kakaa vizuri, stuli yote inaonekana mpaka miguu. Wenye duka wamefurahi. Pesa inaingia sasa hivi."

Simu ilitoa mlio wa pesa. Hapohapo mlango ukagongwa, chini, karibu na kizingiti. Ilikuwa stuli nyekundu.

Mama Rafi aliitazama.

"Hizo sitini ziweke mbali na goti langu," alisema. "Sishuki ngazi kwa miguu ya mtoto wa watu."

"Mama, ndizo zilizobaki. Tukizilipa, kesho unalazwa."

"Nimesema mbali."

Amana ikabaki pungufu ya sitini, na sitini zikabaki kwenye simu. Asubuhi Rudayna aliichukua stuli kwa teksi kuirudisha. Mlinzi wa jengo alimwambia vitu vya namna hiyo haviingii. Aliiacha kwenye ukuta wa nje, na alipofika Jofe akaikuta imemtangulia.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, Wijdan mwenyewe alipanda ngazi. Alikuwa akiuliza njia nzima, na Baba Shukri ndiye aliyemjibu.

"Stuli nyekundu? Imepita mara mbili. Mara ya pili ilikuwa imechoka, maskini."

Dukani walikuwa wamemkata Wijdan mshahara wa siku saba, wakamtoa kwenye kaunta. Sasa alisimama mlangoni saa kumi kwa siku, akiwapa wapita njia vikaratasi vya kunusa. Aliingia, akamwona Mama Rafi.

"Kumbe wewe."

"Ndiyo mimi, mwanangu."

"Goti vipi?"

"Bovu lilelile."

Wijdan aligeuka, akamtazama Rudayna kuanzia kichwani, akaishia kwenye vifungo.

"Lile shati lilikupendeza," alisema.

Rudayna alienda kuchemsha chai. Wijdan alivuta stuli yake, akakaa, akavua viatu. Alikaa robo saa, akanywa chai. Kisha akavaa viatu, akashukuru kwa chai, akaenda kazini.

Kesho yake alikuja na mlinzi wa benki. Wiki haikuisha, wenye viti wote wakawa wanakuja kabla maduka hayajafunguliwa, na kila mmoja alikijua kiti chake bila kuonyeshwa. Muuzaji wa viatu alikuja. Mwenye foronya ya maua alikuja, ndala mkononi, mimba sasa ya miezi minane, na ilibidi avutwe na wawili pale ngazi za mwisho. Walikaa jikoni, sebuleni, wengine kwenye kibaraza, wakila kaki, mikate ya duara yenye ufuta, na kunywa chai ya nanaa. Walikaa kukaa kwa siku nzima ndani ya robo saa, kisha wakaondoka wakasimame. Dukani hakuna kilichobadilika. Rudayna aliacha kazi za msimamo, akarudi kwenye soksi.

Tarehe ishirini na nane Luai alipiga.

"Dada, nina kitu. Dinari mia."

"Sitaki za msimamo."

"Sikiliza kwanza. Si duka, ni nyumba ya mtu. Huko kwenu Jofe. Wenye maduka wamesikia wahudumu wanakutana asubuhi, wanakaa. Mtu akishakaa asubuhi, mchana atasimama kwa moyo gani? Wanataka uhakika. Wenzako wameikataa kwa sababu ya ngazi, nikakukumbuka wewe jirani."

"Nisipoichukua?"

"Ataichukua mwingine. Mia si pesa ya kuitemea mate."

Rudayna aliichukua. Masharti yalikuwa video ya dakika kumi na tano isiyokatika, na watu wote waliomo ndani ya nyumba waonekane.

Asubuhi aliwangoja mlangoni, akawaambia kabla hawajafika kwenye viti vyao. Alikuwa amevaa shati lile. Mlinzi wa benki alitukana, akaomba radhi kwa Mama Rafi. Mjamzito aliuliza kama kuegemea ukuta kunahesabiwa kukaa. Rudayna alisoma fomu upya, akamwambia kunahesabiwa.

Mama Rafi aliweka chini bilauri yake ya chai, akashika meza, akaanza kuinuka.

"Mama, wewe kaa. Wewe si mhudumu."

"Wamesema wote waliomo ndani. Mimi simo?"

"Magoti yako..."

"Wakimwona mmoja amekaa, watasema ni nyumba ya kukaa. Washa hiyo kamera."

Walisimama. Watu ishirini na watano walisimama kati ya viti ishirini na vitano, na Mama Rafi wa ishirini na sita, mikono ikining'inia kwa sababu fomu ilikataza kushika kitu. Chai ilipoa. Rudayna alitembea polepole kutoka jikoni hadi kibarazani na kurudi, akimpitisha kila mtu mbele ya kifungo chake. Dakika ya tisa goti la Mama Rafi lililia, na mlio huo umo kwenye video, mkavu kama kijiti kinachovunjwa. Wijdan alisogeza bega lake likamkaribia, bila kumgusa.

Dakika ya kumi na tano ilipotimia, muda wa kwenda kazini ulikuwa umefika. Waliokota mikoba yao wakashuka ngazi. Hakuna aliyekuwa amekaa.

Rudayna alijaza swali la kumi na nne. Ndiyo. Mara hii ukweli ulikuwa na kisanduku.

"Kazi safi," Luai alisema kwenye simu. "Hii sikugusa hata nukta. Wenye maduka wameridhika kabisa. Wanataka ziara hiyohiyo kila asubuhi."

Mia iliingia juu ya sitini. Rudayna alimshika mama yake kwapani, akamteremsha kwenye stuli iliyokuwa karibu, ile nyekundu. Mama Rafi alikaa, akapapasa plastiki kwa kiganja, pande zote mbili.

"Ni baridi," alisema.

Rudayna akaenda kuvigusa viti vingine, kimoja baada ya kingine, mpaka kibarazani, na hakuna kilichobaki na joto.