Tajiri Atoa Mji

Mbaruku analala. Ni aibu kulala hali mama yako ni maiti chumba cha pili na wanawake hawajamaliza kumkosha, lakini usingizi hauna adabu, nao umemkuta ukumbini, kitini, akiutazama mlango na kujiuliza ni nani atakayeingia. Misibani kwa wenzake hakuwa akienda. Alikuwa akipeleka dereva na gunia la mchele, gunia zima, si haba, mwenyewe akabaki ghalani kwake. Sasa jeneza la mama, Bi Mwanamvua, linataka mabega, na gunia halina bega. Anawaza hivyo mpaka kope zinagusana, kisha anainuka, au anadhani anainuka, anavuka kizingiti, na nje mtaa wake haupo. Kuna barabara tu, inakwenda, inajikunja, inarudi pale pale ikiwa na rangi nyingine, na kando yake amesimama mwanamke aliyejitanda kanga, na ndani ya kanga uso hamna, ni laini kama sahani. Kaburi halichimbiki, mwanamke anamwambia, jembe linadunda, ardhi inataka kwanza maana ya neno alilolisema mama yako. Mbaruku haulizi neno lipi. Ilikuwa sebuleni, mbele ya wageni wake wakubwa, mama akasema, siye bwana, zamani tulikuwa matajiri. Naye akacheka kabla ya wageni kucheka, akasema msimsikilize, mama anaota, tulikuwa tukilala na muhogo mkavu. Mama akainamia mkeka. Tangu siku hiyo wageni wakija alijifungia chumbani, na Mbaruku, Mungu amsamehe, aliona afadhali.

Wanakwenda. Wanaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo yumo Mbaruku, peke yake, amevaa kanzu mpya. Wachuuzi wa huko wanamwambia kwamba neno hilo ni lao, limekuja na lugha ya Waarabu, na tajiri hapo mwanzo alikuwa mtu wa kununua na kuuza, basi, hata angekuwa na sinia la njugu tu, hayo majumba na magari neno liliyaokota njiani. Mbaruku anafurahi, maana yeye ananunua na kuuza tangu ujana wake. Mwanamke anamuuliza, na mama yako aliuza nini? Hakuuza kitu, anasema Mbaruku, na furaha inamtoka. Basi kitendawili, anasema mwanamke. Tega. Ninacho nyumbani, nikikifungia kinapungua, nikikiachia mlango wazi kinazidi. Mali, anasema Mbaruku. Siyo. Biashara. Siyo, nipe mji. Mbaruku anampa mji wa vioo, naye anaufunga kwenye pindo la kanga, na hapo walipokuwa pamebaki vumbi. Barabara inajikunja tena, inawatia katika mji wa maghala yenye jina la Mbaruku milangoni, anategewa kitendawili kile kile, anashindwa, anautoa na huo. Kutoa hakumsumbui, ni kazi aliyoizoea, unatoa kitu unarudi zako.

Wa tatu si mji. Ni ua uliofagiliwa, mkeka mmoja, sinia moja la muhogo, na watoto wamelizunguka wakisukumana kwa viwiko, wa nyumba hii na za jirani, huwezi kujua yupi wa nani, na mmoja wao ni yeye. Mama amesimama na upawa mkononi, yeye hajala, anacheka. Majirani wanaingia bila hodi. Mbaruku anauliza kwa sauti ndogo, kabla neno halijaja, mtu kama huyu waliitaje hali yake? Ukwasi, anasema mwanamke, lakini wengi hawakuita kitu, waliingia wakaketi. Kitendawili ni kile kile, haya, nijibu. Safari hii Mbaruku analijua jibu, limemjaa kinywani. Lakini kulitamka ni kukiri mbele ya mama kwamba hakuwa akiota, na mama ameinua macho anamtazama. Sijui, anasema. Nipe mji. Ndio huu tu uliobaki? Ndio huu. Chukua, anasema Mbaruku, na hamtazami mama yake. Mwanamke anakaza fundo. Ni watu, anamwambia, na ulikuwa unajua.

Kaka, amka, wanatoka naye. Ni Rukia, dada yake, anamtikisa bega. Mbaruku anatoka mbio na mtaa umejaa kofia mpaka kule msikitini, watu asiowajua, wamechimba kaburi tangu asubuhi bila kuitwa na mtu, na jeneza linapita bega kwa bega huku kila mmoja akisema mama, mama. Hajui kama ameamka. Labda barabara imejikunja tu. Anajipenyeza, ananyoosha mkono aushike mti wa jeneza, na kijana mmoja anayetokwa na jasho anamzuia kwa upole. Tuwie radhi, mzee, tupishe tumzike mama yetu. Kwani wewe ni nani wake?

Mbaruku anafungua kinywa amjibu, na jeneza limekwisha pita.