Pale Mkasi Alipoacha Kukata

Kazini walimwita Mkasi, na jina likamkaa. Yeye ndiye aliyehariri filamu ya kwanza ya Kinyago, yule shujaa wa barakoa, akaikata mbiombio mpaka watazamaji wakatoka ukumbini hoi, wanachekelea. Kichwa kikamvimba kidogo. Sehemu ya pili nayo akaipitishia mkasi uleule: ngumi, moto, ngumi, jengo chini. Ikawa giza tupu, kelele tele, na haimgusi mtu. Sasa alasiri hiyo mtayarishaji alikuwa anakuja kuutazama mwisho wake. Asiporidhika, kazi inapewa mhariri mwingine, na Mkasi unga umemwagika.

Adhuhuri, mlango wa chumba cha kuhariri ukasukumwa kwa goti. Alikuwa mamamkwe wake, mtoto kifuani, mkoba wa nepi begani. Tangu Mkasi arudi kazini, mama huyo alikuwa ameifunika cherehani yake na kuwaambia wateja watafute fundi mwingine, ili amlee mjukuu. Kila mchana alimleta anyonye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Mkasi alimwogopa. Ukimya ule aliuchukua kuwa ni lawama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mshike huyu, ameniimbia njia nzima, na wala sauti hana."

Mkasi akacheka bila kutaka, akampakata mtoto kwa mkono wa kushoto. Huo ndio mkono wake wa kukatia, ambao vidole vyake havibanduki kwenye kibodi. Kwenye skrini picha ya mwisho ilikuwa inakwenda, ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera. Kinyago amefungua milango ya bwawa, maji yameumeza mtaa wake mwenyewe ili mji upone, na mji mzima unaamini yeye ndiye adui. Hapo ndipo Mkasi alipozoea kukata. Lakini mkono ulikuwa na mtoto, na picha ikapitiliza.

Kinyago akavua barakoa. Akachutama penye bomba la uani kwa watu, akanawa mikono, akanawa tena. Nje ya ukuta wapita njia walikuwa wanamlaani, naye anawasikia, anazidi kunawa.

Nyuma ya kiti, mamamkwe alikuwa ameacha kukunja nepi.

"Masikini," akasema. "Mzigo wote ule, na hakuna hata wa kumwambia pole."

"Mtayarishaji anataka watu waje wamshangilie, Mama."

"Wakimshangilia nitarudi nyumbani nimeridhika, kesho nimemsahau. Lakini nikimwona ananawa hivi, huyu nitaondoka naye."

Mkasi akabaki anaitazama skrini. Filamu ya kwanza ilionyesha Kinyago anaweza nini. Hii ya pili ilitakiwa ionyeshe kuweza huko kunamgharimu nini, na yeye gharama yenyewe ndiyo aliyokuwa akiitupa. Mtoto aliposhiba akamrudisha kwa bibi yake, akamwomba mama asiondoke, akaanza kurudisha vipande alivyovikata kila mahali alipomnyima Kinyago nafasi ya kuvuta pumzi.

Mtayarishaji alitazama akiwa wima, anachezesha funguo za gari. Kinyago alipofika penye bomba, funguo zikatulia. Picha ilipoisha akazitia mfukoni.

"Hapo pasiguswe," akasema, akatoka na simu sikioni.

Mkasi akamgeukia mamamkwe, na machozi hayakumngoja amalize.

"Asante, Mama. Si kwa filamu tu. Kwa huyu mtoto, kwa cherehani, kwa kuja kila siku juani. Nashukuru kwa moyo wote, na sijawahi kukwambia."

Mamamkwe akainamisha macho, akamfunika mtoto vizuri ingawa alikuwa amefunikwa tayari.

"Mimi nilidhani nakuchosha," akasema. "Kila nikiingia humu hunisemeshi. Nikajua unasubiri niondoke."

Mkasi akainuka akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.