Injini Mpya ya Mzee Redio

Injini ya dizeli haifi kimya kimya. Kabla ya kukata roho hugonga, ikagonga tena, ikapiga makelele mpaka majirani wakachungulia madirishani, na dereva asiyesimama hapo amelitaka mwenyewe. Ndiyo maana fundi, alipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, ya pikapu ya baba mkwe wake, alikaa kitako sakafuni mwa gereji akasahau hata kufuta mikono.

Oili iliyobaki ilikuwa kidogo, nzito, imejaa unga wa chuma unaometameta. Beringi zilikuwa zimesagika. Konrodi moja, mkono unaoshika pistoni, ilikuwa imekatika ikatoboa ubavu wa injini, tundu la kupitisha ngumi. Injini hii ililia siku nyingi, na muda wote huo kuna mtu alikuwa ameshika usukani, anakwenda zake.

"Baba, hukuisikia ikigonga?" fundi akauliza.

Mzee alikuwa amemwinamia, anamtazama mdomoni. "Gari hili limekuzidi umri, mkwe wangu," akasema. "Likigonga linabisha hodi, nami nalikaribisha!"

Mafundi wengine wakacheka mpaka wakaweka spana chini. Nyumbani walimwita mzee huyo Redio, kwa kuwa anazungumza kutwa na ukimuuliza kitu hakujibu ulichouliza. Fundi naye alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Angeweza kuuliza mara ya pili. Hakuuliza. Mkwe hamhoji baba mkwe kama polisi.

Walipata injini nyingine, ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Fundi aliifungua, akaikagua, akabadilisha sili na mkanda wa feni. Siku ya kuipandisha waliining'iniza kwenye winchi ya mnyororo, na mzee akang'ang'ania kuvuta mnyororo yeye.

"Gari ni langu. Au mnaona nimekwisha?"

Nani angembishia? Fundi akaingia mbele ya gari, akapitisha mkono chini ya injini kuelekeza tundu la bolti lilingane na kikalio chake. Mzee alikuwa amempa mgongo. Injini ikashuka taratibu, ikifuata mlio wa mnyororo.

"Simama," fundi akasema.

Injini ikaendelea kushuka.

"Simama, baba! Mkono! Mkono wangu!"

Mzee alikuwa anaimba chini chini, anaachia mnyororo pingili kwa pingili. Fundi akachomoa mkono kwa nguvu, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma, na injini ikakaa mahali pake kwa kishindo. Ndipo mzee akageuka, uso umejaa tabasamu.

"Imekaa?"

Akaiona damu. Tabasamu likayeyuka, na machoni mwake fundi akaona woga wa mtu aliyefumaniwa.

"Nilidhani umesema shusha," mzee akasema.

"Imekaa, baba," fundi akajibu, akajifunga kitambaa mkononi. Alimwonea aibu mzee kuliko alivyojionea huruma, na aibu hiyo ikamfunga mdomo.

Lakini usingizi ulimpaa. Kila asubuhi mzee ndiye aliyempeleka shule mjukuu wake, binti pekee wa fundi, na njia ilikata reli pale pale chini ya mteremko wa gereji. Hapakuwa na kizuizi wala mlinzi. Reli ilitokea kwenye kona yenye vichaka, treni huioni mpaka imeshakufikia. Watu wote walivuka hapo kwa masikio. Na injini ilipokufa, fundi akakumbuka, mtoto alikuwa kitandani na surua, mzee akiendesha peke yake.

"Baba yako hasikii," akamwambia mkewe.

"Ameanza lini kusikia la mtu?" mkewe akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Ni ubishi tu. Usije ukamwambia neno hilo mbele za watu, utamuua."

Asubuhi ya kuliwasha gari, mkanda mpya wa feni ulipiga yowe la kutoboa kichwa. Mafundi wakaziba masikio. Mzee akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho kama anayempima mtoto homa.

"Safi kabisa," akatangaza. "Imetulia kuliko ile ya kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa ameshapanda, begi mapajani, na fundi akaliendea dirisha lake.

"Mwanangu, babu huisikia treni?"

Mtoto akamtupia jicho babu yake, aliyekuwa akifuta kioo. "Ni siri yetu."

"Niambie mimi baba yako."

"Mimi ndiye masikio yake. Nikiisikia nampiga gotini, anasimama."

"Na ukisinzia?"

Mtoto akafikiri. "Siku moja nilisinzia. Nilipoamka ilikuwa inapita nyuma yetu."

Fundi akafungua mlango, akamkumbatia mtoto na begi lake, akamshusha. Mzee alikuwa ndio kwanza ameketi nyuma ya usukani.

"Unamshushia nini? Atachelewa!"

Uongo ulikuwepo, tena wa bure: mkanda unalia, baba, gari bado. Angesema hivyo, ufunguo ungerudi mfukoni mwa fundi na mambo mengine yangezungumzwa nyumbani, polepole, milango imefungwa. Lakini hofu ilikuwa imeshamzidi. Akasogeza uso karibu na kusema kwa sauti kubwa, neno moja moja, midomo wazi, ili mzee ayasome.

"Baba. Wewe husikii."

Mzee akayasoma. Akawatazama mafundi mmoja mmoja, akamtazama mjukuu wake kama anayeuliza ni nani aliyesema, na mtoto akaficha uso begani kwa baba yake. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Redio hakuwa na la kusema. Akaingiza gia, pikapu ikaruka mbele, ikashika mteremko wa kwenda relini huku mkanda ukilia.

Fundi akavuta pumzi. Mwanawe alikuwa mzima, mikononi mwake, na kwa kitambo kidogo hakuona kingine duniani. Alijiona ameshinda.

Kisha honi ya treni ikasikika nyuma ya vichaka.

Mafundi wakaanza kupiga kelele na kupunga mikono. Fundi naye akakimbia, mtoto kifuani, akiita baba, baba, ilhali taa za breki za pikapu hazikuwaka. Honi ikalia tena, ndefu, karibu zaidi. Na mtoto, macho yamemtoka, akaanza kumpiga baba yake begani kwa kiganja, upesi upesi, kama alivyozoea.